Senda Berenson, mwalimu aliyewafungulia wasichana kiwanja cha basketi

Wapenzi wa basketi huku kwetu wanalijua jina la Mwadi Mabika, binti wa Kinshasa aliyechukua ubingwa wa Marekani mara mbili, 2001 na 2002, pamoja na ekipe ya Los Angeles Sparks. Lakini mwanamuke aliyewaingiza wasichana wa kwanza katika muchezo huo, si wengi wanaomujua. Aliitwa Senda Berenson, na hakuwa muchezaji hodari. Alikuwa mwalimu, tena mutu wa kuumwa-umwa.

Alizaliwa tarehe 19 ya mwezi wa tatu 1868 katika kijiji cha Butrimonys, inchi ya Lithuania, iliyokuwa wakati ule chini ya mufalme wa Urusi. Jamaa yake walikuwa Wayahudi. Baba alitangulia Marekani kutafuta maisha, sawa vile wanaume wengi wanavyotangulia kwenye machimbo na kuiacha nyumba nyuma. Mwaka 1875 mama na watoto wakamufuata katika muji wa Boston. Kule baba alipata chakula cha watoto kwa kutembeza sufuria mulango kwa mulango.

Kaka yake Bernard alisoma sana na akajulikana duniani kwa elimu ya picha za kale za Italia. Senda yeye alipenda piano, akaanza kujifunza, lakini mugongo ulimuuma mpaka akaacha. Mwaka 1890 akapelekwa kwenye shule moja ya Boston iliyofundisha walimu wa mazoezi ya mwili. Alienda kutafuta afya tu, wala hakuwa na hamu ya kazi ile. Mwanzoni alichoka upesi na alichukia mazoezi. Lakini mwezi kwa mwezi nguvu zikaja, mugongo ukapona, na mugonjwa akageuka mwalimu.

Mwezi wa kwanza 1892, shule ile ikamutuma Smith College, chuo kikuu cha wasichana katika muji wa Northampton. Alitumwa kujaza nafasi ya mwalimu aliyekuwa mugonjwa. Alibaki miaka 19.

Wakati ule matajiri na waganga wengi waliamini kwamba mwili wa mwanamuke ni dhaifu, na kwamba kukimbia kutamuharibu. Kumbe katika miji ile ile wanamuke maskini walikuwa wanafua nguo za watu na kusimama mbele ya mashini kutwa nzima, na hakuna aliyesema kazi hiyo inawaharibu. Udhaifu ulionekana pale tu mwanamuke alipotaka kitu kwa furaha yake.

Mwisho wa 1891, katika muji wa Springfield, si mbali na Northampton, mwalimu mumoja Mukanada, James Naismith, alikuwa amebuni muchezo mupya. Alitundika vitunga viwili vya kubebea matunda, akatoa mupira, akaandika sheria. Senda alisoma habari hiyo akaona njo dawa ya wanafunzi wake, juu ya walichoshwa na mazoezi ya kunyoosha mikono na kuhesabu.

Mwezi wa tatu 1893, wasichana wa mwaka wa pili walipambana na wale wa mwaka wa kwanza. Wanaume hawakuruhusiwa kuangalia. Chumba kilijaa wasichana, nyimbo na makelele. Senda aliporusha mupira wa kwanza, muchezaji mumoja alipata ajali, bega likateguka. Wangeweza kusimamisha kila kitu na kusema tuliwaambia. Hawakusimamisha. Mwaka wa pili walishinda 5 kwa 4.

Lakini Senda alijua kwamba ajali nyingine chache zingetosha kufunga mulango ule. Basi akabadilisha sheria. Alikata kiwanja sehemu tatu, kila muchezaji abaki katika sehemu yake. Alikataza kunyang'anya mupira mikononi mwa mwenzako. Hakuna kushika mupira zaidi ya sekunde 3, hakuna kuudundisha zaidi ya mara 3. Sheria zake zilitolewa katika kitabu mwaka 1901, na kwa miaka mingi aliendelea kuzisimamia. Shule nyingi za Marekani zikazifuata.

Mwaka 1911 aliacha kazi pale Smith, akaolewa na Herbert Vaughan Abbott, mwalimu wa Kiingereza katika chuo kile kile. Aliendelea kufundisha mazoezi katika shule nyingine ya wasichana mpaka 1921. Alikufa tarehe 16 ya mwezi wa pili 1954, kule Santa Barbara, California.

Sasa, tuseme ukweli wote. Sheria zilizofungua mulango zilikuja kuwa ukuta. Kiwanja kilibaki kimekatwa kwa miaka mingi. Mwaka 1938 sehemu tatu zikawa mbili, na ni 1971 tu wasichana wa vyuo vya Marekani walipokubaliwa kukimbia kiwanja chote, watano kwa watano, sawa na wanaume. Katika jimbo la Iowa, shule za sekondari zilingoja mpaka 1993. Je, Senda alikosea? Mutu anayechimba anajua: miti unayoweka shimoni ili ardhi isianguke ni ya lazima, lakini hakuna anayeiweka ili mutu ashindwe kupita. Mwaka 1893 miti ile ilihitajika. Kosa ni la wale walioiacha pale wakati ardhi ilikuwa imekwisha kukauka.

Mwaka 1985 jina lake liliingizwa katika nyumba ya heshima ya basketi, kule Springfield, yeye pamoja na Margaret Wade na Bertha Teague, wanamuke wa kwanza kupewa heshima hiyo. Alikuwa amekufa miaka 31 mbele.

Sisi pia tumevuna. Ekipe ya wanamuke ya inchi yetu, wakati ikiitwa Zaïre, ilichukua kombe la Afrika mwaka 1983, 1986 na 1994, na mwaka 1996 ikaenda michezo ya Olimpiki kule Atlanta. Walikimbia kiwanja chote.

Huku Ngungu, binti anapanda mulima na bidoni ya maji mugongoni, anashuka na muzigo wa viazi, na hakuna anayeogopa kwamba mwili wake utavunjika. Akiomba saa moja ya kucheza na wenzake nyuma ya masomo, hapo njo tunaanza kuogopa. Baba, mama, muachieni ile saa moja.