Steinmetz: Mwanafunzi Aliyekimbia Kabla ya Mahafali

Wanaosoma uhandisi wa umeme wanamjua Charles Steinmetz kwa mateso. Ni yeye aliyetuletea ile mada ya namba changamano iliyojaa herufi j, mada ambayo imewapeleka wengi kwenye supu. Wasichokijua wengi ni kwamba jamaa huyu alikuwa mhariri wa gazeti la kisoshalisti, na kwamba siasa za gazeti hilo zilimkosesha shahada.

Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1865 mjini Breslau, Prussia, mji ambao leo unaitwa Wrocław na uko Polandi. Alikuwa mfupi sana, mwenye kibiongo na nyonga zenye hitilafu, hali iliyokuwa pia kwa baba na babu yake. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mtoto mchanga, na baba yake, mfanyakazi wa reli, ndiye aliyemlea na kumsomesha.

Chuoni alisoma hisabati na fizikia. Akajiunga na kikundi cha wanafunzi wa kisoshalisti, kisha akashika uhariri wa gazeti la kisoshalisti. Enzi hizo Bismarck alikuwa ameshapiga marufuku harakati za kisoshalisti. Mwaka 1888, tasnifu yake ya udaktari ikiwa karibu kukamilika, polisi walianza kumfuatilia. Alitorokea Zurich, Uswisi. Kwa lugha ya leo tungesema alidisko, ila si kwa kufeli mtihani.

Mwaka uliofuata alipanda meli hadi New York. Maofisa wa uhamiaji walimtazama wakaona mtu mwenye ulemavu, asiye na fedha, asiyejua Kiingereza, wakataka kumrudisha alikotoka. Rafiki aliyesafiri naye akamdhamini, ndipo akaruhusiwa kupita. Pale getini kila kitu kilitegemea neno la mtu mmoja.

Alipata kazi kwenye kiwanda cha Rudolf Eickemeyer, huko Yonkers. Wakati huo mafundi waliunda mota na transfoma kwa kubahatisha: unaunda, unawasha, kikichemka unaanza upya. Chuma kilicho ndani ya transfoma husumakishwa huku na huku kila mara mkondo unapogeuka, na katika kugeuka huko hula nguvu na kutoa joto. Steinmetz alipima, akapima tena, hadi akapata kanuni ya kukokotoa upotevu huo kabla chuma hakijakatwa. Aliitoa mwaka 1892, akiwa na miaka 26.

Mwaka 1893, kwenye mkutano wa kimataifa wa umeme mjini Chicago, alileta ile j. Katika mkondo geu, volti na mkondo havifiki kileleni kwa pamoja, kwa hiyo huwezi kujumlisha kama unajumlisha nazi sokoni. Laini yenye ukinzani wa omu 3 na riaktansi ya omu 4 haina jumla ya 7, ina 5. Kabla yake ilibidi kuhangaika na kalkulasi ndefu au kuchora michoro. Yeye alionyesha kwamba namba moja yenye sehemu mbili inatosha, na aljebra ya kawaida inamaliza kazi.

Kampuni ya General Electric ilikinunua kiwanda cha Eickemeyer na kumchukua yeye pia. Alihamia Schenectady, akafundisha Union College kuanzia 1902, akaongoza bodi ya elimu ya mji, na hakuuacha usoshalisti wake. Hakuoa. Alimfanya msaidizi wake mmoja kuwa mwanawe, wakaishi nyumba moja na mke na watoto wa kijana huyo, nao wakamwita babu. Mwaka 1922 alitengeneza radi ndani ya maabara, zaidi ya volti 100,000, ili kupima vifaa vya kukinga laini. Alifariki tarehe 26 Oktoba 1923, akiwa na miaka 58.

Sasa wewe unayejiandaa kwenda PT, ichukue hesabu yake uipeleke Kilwa. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974. Tangu 2004 inapita kwenye bomba chini ya bahari hadi Somanga, kisha zaidi ya kilomita 200 hadi Dar es Salaam, ambako inazalisha umeme wa gridi. Kilwa yenyewe kwa miaka mingi ilikaa nje ya Gridi ya Taifa, ikitegemea mitambo midogo ya gesi ya Somanga Fungu. Lindi nayo ilivuta umeme wa gesi kutoka Mtwara. Vijiji viko mbalimbali, katikati ni mikorosho na mashamba ya ufuta, na wateja wa kila kijiji ni wachache.

Mazingira kama hayo ndiyo yanayompima mbunifu. Ukipeleka nguvu ileile kwa kilovolti 33 badala ya 11, mkondo unashuka hadi theluthi moja, na upotevu kwenye waya uleule unashuka hadi sehemu moja ya tisa. Ukifunga transfoma kubwa kwenye kijiji chenye nyumba chache, chuma chake kitakula umeme usiku kucha hata watu wakiwa wamezima taa; huo ndio upotevu alioukokotoa Steinmetz. Vikombe vya nguzo zilizo karibu na bahari hushika chumvi, umeme ukapata njia ya kuvujia. Radi za masika hazichagui nguzo. Kila shilingi inayopotea hapo italipwa na mtu, ama kwa Luku ama kwa kukaa gizani.

Hesabu za kuzuia hasara hiyo zimekuwepo tangu 1893. Zilitoka kwa kijana ambaye chuo chake kilimkosa kwa sababu ya gazeti, na ambaye Marekani nusura imkose kwa sababu ya mgongo wake. Desa la muhula huu linaanza na kanuni zake. Ukilisoma kwa ajili ya mtihani tu utafaulu, lakini Nangurukuru wataendelea kununua mishumaa.