Armstrong, aliyeishinda kelele ya redio

Nilipokuwa mtoto, babu yangu alikuwa na redio moja iliyopewa heshima kubwa pale nyumbani. Saa ya taarifa ya habari ikiwadia, sote tulinyamaza. Lakini mawingu yakitanda na radi ikaanza kupiga, redio nayo ilianza kukwaruza na maneno yakamezwa. Nakumbuka jioni moja tulivyobaki tukibishana iwapo mtangazaji alisema kwamba mtu fulani ameshinda au ameshindwa. Leo ninapofundisha isimu huwakumbusha wanafunzi wangu kuwa baina ya maneno hayo mawili pana sauti moja tu, nayo yaweza kupotea kwa mkwaruzo wa nukta moja.

Ndiyo maana maisha ya Edwin Howard Armstrong yamenivutia kwa muda mrefu. Huyu ndiye aliyeiondoa kelele ile, na ni haki walimu na wanafunzi wamfahamu.

Armstrong alizaliwa mjini New York, Marekani, tarehe 18 Desemba 1890, akakulia Yonkers, kaskazini ya jiji hilo. Angali kijana wa shule alijitosa katika redio ya ridhaa, yaani ule mchezo wa watu wanaowasiliana kwa mitambo yao wenyewe kwa mapenzi tu, bila malipo. Chumba chake kilichokuwa darini kilijaa nyaya, na uani alisimamisha mlingoti mrefu wa antena alioupanda bila hofu. Usiku kucha alisikiliza ishara hafifu kutoka mbali, akijaribu kuzitenganisha na mikwaruzo.

Mwaka 1912, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, alivumbua njia ya kurudisha sehemu ya ishara iliyokwisha kukuzwa ili ikuzwe tena na tena. Sauti iliyokuwa ikisikika kwa taabu sasa ilijaza chumba. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, akiwa mwanajeshi mjini Paris, alibuni mwaka 1918 mtambo unaoyageuza masafa yoyote yanayopokewa yawe masafa mamoja maalumu, ambapo ni rahisi kuikuza ishara na kuzichuja zile zinazoiingilia. Redio nyingi mno, pamoja na mitambo ya wanaredio wa ridhaa, zimejengwa juu ya msingi huo.

Hata hivyo, uvumbuzi ule wa kwanza ulimletea kesi. Lee de Forest alidai kuwa ni wake, na shauri likaendelea kwa miaka mingi hadi Mahakama ya Juu ya Marekani ilipompa de Forest ushindi mwaka 1934. Wahandisi wengi waliona majaji wamekosea. Mwaka huo huo Armstrong alikwenda kwenye mkutano wa Taasisi ya Wahandisi wa Redio kurudisha nishani waliyomtunuku kwa uvumbuzi huo. Wenzake walikataa kuipokea, wakasimama na kumpigia makofi.

Wakati huo alikuwa amekwisha kupata jibu la tatizo kubwa zaidi. Redio za zamani zilibeba sauti kwa kuongeza na kupunguza nguvu ya wimbi. Radi, mota na cheche za umeme nazo huvuruga nguvu hiyo hiyo, na kipokezi hakina namna ya kujua lipi ni neno na lipi ni mkwaruzo. Armstrong aliacha nguvu ya wimbi ibaki ile ile, akaibebesha sauti kwa kubadilisha masafa yake. Kipokezi chake kilikata kila mabadiliko ya nguvu, na kelele nyingi ikakatwa pamoja nayo. Hii ndiyo FM tunayoitaja kila siku.

Hapa kuna funzo kwa wasomi. Mwaka 1922 mwanahisabati John Carson alikuwa ameonyesha kwamba kubadilisha masafa hakuna faida. Hesabu zake hazikuwa na kosa. Ila alikuwa akitafuta njia ya kubana nafasi ambayo wimbi linachukua. Armstrong alifanya kinyume, akaipanua nafasi hiyo, na kadiri alivyoipanua ndivyo sauti ilivyozidi kuwa safi. Mimi hulielewa jambo hili kwa Kiswahili chetu. Tunaposema vitabu vyangu vidogo viwili vimepotea, tunataja ngeli mara tano. Mgeni huona huo ni upotevu wa pumzi. Lakini mtu anayesikiliza sokoni, penye zogo, akikosa kiambishi kimoja atakipata kingine.

Armstrong alipewa hataza za FM mnamo Desemba 1933. Tarehe 5 Novemba 1935, mbele ya wahandisi jijini New York, alifungua kipokezi kilichonasa matangazo ya rafiki yake, C. R. Runyon, kutoka kituo chake cha redio ya ridhaa huko Yonkers. Wasikilizaji walisikia maji yakimiminwa katika gilasi na karatasi ikikunjwakunjwa, wazi kana kwamba vitendo hivyo vilifanyika mle ukumbini.

Lakini kampuni ya RCA, iliyokuwa imempa nafasi ya kufanyia majaribio katika jengo la Empire State, ilimtaka aondoe mitambo yake kwani ilishughulikia televisheni. Alijenga kituo chake mwenyewe huko Alpine, New Jersey, kwa fedha zake. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili aliliruhusu jeshi la nchi yake litumie hataza zake bila malipo. Kisha mwaka 1945 serikali iliihamisha FM hadi megahezi 88 mpaka 108, na redio za FM zilizokwisha kununuliwa zikawa hazifai. Mwaka 1948 aliishtaki RCA kwa kutumia uvumbuzi wake bila kumlipa. Kesi ilimmaliza mali, afya na utulivu wa nyumbani. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1954 alijitoa uhai, akiwa na umri wa miaka 63. Mkewe, Marion, aliendelea na madai hadi ya mwisho yalipomalizika kwa ushindi mwaka 1967.

FM haikumaliza taabu zote. Wanaredio wa ridhaa huitumia kwa mazungumzo ya karibu, lakini katika mawimbi mafupi yanayovuka bahari, ambako nafasi ni finyu, bado wanapambana na mikwaruzo aliyoisikia Armstrong kule darini.

Nawaomba walimu wenzangu tulikumbuke jambo moja. Mwanafunzi akija na jibu lililo kinyume cha kitabu, tusimnyamazishe kabla hatujauliza kitabu kilikuwa kikijibu swali gani. Nanyi wanafunzi, msikipinge kitabu kwa maneno matupu. Armstrong hakuwaomba wahandisi wamwamini. Aliwafungulia redio, wakasikia maji.