Yidnekatchew Tessema: Mwethiopia aliyewafungulia njia vijana wa Afrika katika soka

Mtaa wa Kabeza, wilayani Kicukiro mjini Kigali, uko kati ya Remera na uwanja wa ndege wa Kanombe. Mgeni anayeshuka ndegeni kuelekea katikati ya jiji hupita jirani na mtaa huo, na muda mfupi baadaye huuona Uwanja wa Amahoro. Mnamo Januari 2009 jiji hilo liliwapokea vijana wa timu za taifa, waliokuja kuwania ubingwa wa Afrika kwa wachezaji wenye umri wa chini ya miaka 20. Miaka miwili baadaye, Januari 2011, walifuata wadogo zao wenye umri wa chini ya miaka 17.

Miongoni mwa timu nane za mwaka 2009 ilikuwamo Afrika Kusini, ikiwakilisha taifa ambalo sheria zake hazimgawi tena mchezaji kwa rangi ya ngozi. Jambo hilo lilionekana la kawaida. Nusu karne kabla yake halikuwa la kawaida hata kidogo, na mmoja wa watu waliosimama imara zaidi hadi likawezekana alikuwa Yidnekatchew Tessema wa Ethiopia, aliyeliongoza Shirikisho la Soka Afrika, CAF, kwa miaka 15 hadi alipofariki dunia mwaka 1987.

Mwana wa mshairi

Yidnekatchew alizaliwa Septemba 11, 1921, katika mji wa Jimma, kusini-magharibi mwa Ethiopia. Kwa desturi ya nchi hiyo, jina la pili ni la baba. Naye baba yake, Tessema Eshete, alikuwa mshairi na mwimbaji mashuhuri, mmoja wa Waethiopia wa kwanza kurekodi nyimbo katika santuri, kazi aliyoifanya Ujerumani kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia.

Kijana alisoma Addis Ababa, katika shule ya Teferi Makonnen, na huko ndiko alikopendea kandanda. Alijiunga na klabu ya Saint George, iliyoanzishwa mwaka 1935, akaichezea kwa muda wa miaka 23. Kumbukumbu zinamhesabia mabao 318 katika mechi 365. Aliichezea pia timu ya taifa.

Lakini ujana wake haukuwa wa amani. Mwaka 1936 majeshi ya Italia yaliiteka Addis Ababa, na kwa miaka mitano utawala wa Mussolini uliwatenga wenyeji na wageni kwa sheria za rangi. Mgawanyiko huo uliingia hata michezoni: Waitaliano walikuwa na mashindano yao, na Waethiopia yao. Yidnekatchew alikuwa na umri wa miaka 14 mji wake ulipotekwa, na miaka 19 ulipokombolewa. Alijua kwa maisha yake mwenyewe maana ya kiwanja kinachomchagua mchezaji kwa ngozi.

Baada ya ukombozi alikuwa miongoni mwa vijana walioijenga upya michezo ya Ethiopia. Shirikisho la kandanda la nchi hiyo lilianzishwa mwaka 1943, naye akawa mmoja wa watendaji wake wakuu, akiunganisha kazi ya mchezaji, mwalimu na kiongozi.

Khartoum, mwaka 1957

Wakati huo sauti ya Afrika katika soka ya dunia ilikuwa ndogo mno. Nchi nyingi zilikuwa chini ya wakoloni, na zilizokuwa wanachama wa FIFA zilihesabika kwa vidole: Misri, Sudan, Ethiopia na Afrika Kusini. Wajumbe wao walikutana Lisbon mwaka 1956, kandokando ya mkutano mkuu wa FIFA, wakakubaliana kuunda chombo cha bara zima. Februari 1957, mjini Khartoum, CAF ilizaliwa, na pamoja nayo Kombe la Mataifa ya Afrika.

Mashindano hayo ya kwanza yalikabiliwa na mtihani kabla ya mpira kuanza. Afrika Kusini ilikuwa tayari kuleta timu ya weupe watupu au timu ya weusi watupu. Timu iliyochanganya rangi zote haikuwa tayari kuileta. Wajumbe wa nchi nyingine tatu, Yidnekatchew akiwa mmoja wao, walikataa. Hivyo kombe lililopangiwa timu nne likachezwa na tatu. Ethiopia, iliyokuwa imepangwa kukutana na Afrika Kusini, iliingia fainali bila jasho, na huko ikafungwa na Misri mabao 4-0, yote yakiwa ya mchezaji mmoja, Ad-Diba.

Uamuzi huo ulikuwa na gharama. Chombo kichanga, kisicho na fedha wala wanachama wa kutosha, kilimfungia mlango mmoja wa waasisi wake. Hata hivyo CAF ilichukua msimamo huo miaka minne kabla ya FIFA kuisimamisha Afrika Kusini kwa mara ya kwanza, mwaka 1961.

Miaka mitano baada ya Khartoum, Addis Ababa iliandaa kombe la tatu. Yidnekatchew alikuwa mwalimu wa timu. Januari 21, 1962, Ethiopia iliishinda Misri mabao 4-2 katika muda wa nyongeza, na nahodha Luciano Vassalo akakabidhiwa kombe na Mfalme Haile Selassie. Hadi leo huo ndio ubingwa pekee wa Afrika ambao Ethiopia imewahi kuupata.

Kura ya Afrika

Uhuru wa miaka ya 1960 ulibadili hesabu. Katika FIFA kila nchi mwanachama ina kura moja, iwe kubwa au ndogo, tajiri au maskini. Yidnekatchew, aliyekuwa makamu wa rais wa CAF tangu mwaka 1964, alielewa kwamba silaha ya Afrika ni umoja wa kura hizo.

Silaha hiyo ilijaribiwa mapema. Kwa Kombe la Dunia la mwaka 1966, FIFA haikuitengea Afrika hata nafasi moja kamili. Mshindi wa Afrika alitakiwa kupambana tena na mshindi kutoka bara jingine. Pamoja na Ohene Djan wa Ghana, Yidnekatchew alikuwa mstari wa mbele kupinga utaratibu huo, na mataifa ya Afrika yakasusia mashindano yale. Matunda yalionekana mwaka 1970, pale Morocco ilipokwenda Mexico kwa tiketi iliyokuwa ya Afrika peke yake.

Mwaka 1972 alichaguliwa kuwa rais wa CAF. Miaka miwili baadaye, kura za Afrika zilisaidia kumwondoa Mwingereza Stanley Rous katika uongozi wa FIFA na kumweka Mbrazili João Havelange. Rous alikuwa ameitetea Afrika Kusini kwa miaka mingi. Havelange aliahidi nafasi zaidi katika Kombe la Dunia na mashindano ya dunia ya vijana. Mwaka 1976 Afrika Kusini ilifukuzwa kabisa katika FIFA. Na mwaka 1977 mashindano ya kwanza ya dunia ya vijana yalifanyika katika ardhi ya Afrika, nchini Tunisia.

Kwa nini vijana

Ili kupata wawakilishi wa mashindano hayo mapya, CAF ilianzisha ubingwa wa vijana wa Afrika, na Algeria ikautwaa mwaka 1979. Nchi chache zilimudu gharama za kuzikaribisha timu nyingi kwa wakati mmoja, hivyo mechi zilichezwa nyumbani na ugenini, hatua kwa hatua hadi fainali. Utaratibu wa timu nane kukusanyika katika nchi moja ulikuja mwaka 1991, wakati Misri ilipokuwa mwenyeji.

Faida ya mashindano hayo ilionekana upesi. Katika soka ya wakubwa, Ulaya na Amerika Kusini zilikuwa mbele kwa fedha, viwanja na uzoefu. Katika soka ya vijana pengo lilikuwa dogo. Agosti 1985, mjini Beijing, Nigeria iliishinda Ujerumani Magharibi mabao 2-0 katika fainali ya kwanza ya dunia ya wachezaji wenye umri wa chini ya miaka 16. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza timu ya Afrika ilipochukua kombe la FIFA, naye Yidnekatchew alikuwa bado hai kuliona.

Hata hivyo mafanikio hayo yalimpa pia wasiwasi. Kwa muda mrefu aliwapinga waliotaka Afrika iwe shamba la kuvunia wachezaji wa klabu za Ulaya. Tangu miaka ya 1960 CAF iliweka kikomo: timu ya taifa isiwe na wachezaji zaidi ya wawili wanaochezea nje ya bara. Nia ilikuwa kuzilinda ligi za nyumbani. Wapinzani wa kanuni hiyo waliona kwamba inaziadhibu nchi zenye vipaji vingi ughaibuni na kumnyima mchezaji haki ya kulitumikia taifa lake, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 iliondolewa. Katika shauri hilo wakati ulimshinda.

Yidnekatchew alifariki dunia Agosti 19, 1987, mjini Addis Ababa, akiwa bado rais wa CAF na mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Machi 1988 nafasi yake ilichukuliwa na Issa Hayatou wa Cameroon. Ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini ulikuwa bado haujavunjwa; nchi hiyo ilirudishwa katika FIFA mwaka 1992.

Urithi wake mjini Kigali

Mashindano ya Kigali yalionyesha pande zote mbili za urithi huo. Amahoro maana yake ni amani, na wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 maelfu ya watu walikimbilia katika uwanja huo, chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa. Kwa kanuni ya umri, wachezaji wa mashindano ya mwaka 2011 walipaswa kuwa wamezaliwa mwaka 1994 au baadaye. Vijana wa Rwanda wa kizazi hicho walifika fainali, wakafungwa na Burkina Faso mabao 2-1, lakini wakaipatia nchi yao tiketi ya Kombe la Dunia la wenye umri wa chini ya miaka 17 nchini Mexico. Rwanda ilikuwa haijawahi kufika huko katika ngazi yoyote.

Ubingwa wa mwaka 2009 ulikwenda Ghana, iliyoishinda Cameroon mabao 2-0 katika fainali ya Februari 1. Oktoba mwaka huohuo, mjini Cairo, Ghana iliitoa Brazil kwa mikwaju ya penalti na kuwa nchi ya kwanza ya Afrika kutwaa Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 20. Mfungaji bora wa mashindano hayo, Dominic Adiyiah, wakati huo tayari alikuwa akichezea klabu ya Norway. Wiki chache baadaye alisajiliwa na AC Milan ya Italia, klabu ambayo hakuwahi kuichezea mechi hata moja ya mashindano.

Siku hizi mawakala wa klabu za ng'ambo huyafuatilia mashindano ya vijana wa Afrika kwa makini kama watazamaji wa nyumbani. Nafasi ambazo Yidnekatchew alizipigania zimepatikana: mwaka 2026 Kombe la Dunia limeitengea Afrika nafasi tisa za moja kwa moja. Ligi zenye nguvu, ambazo zingemwezesha kijana hodari kubaki na kuishi kwa kipaji chake nyumbani, bado ni chache. Kazi hiyo imebaki mikononi mwa mashirikisho yanayowatuma vijana hao uwanjani.