Amílcar Cabral, Bwana Shamba wa Guinea

Jina la Amílcar Cabral wengi wetu tulilisikia kwanza darasani, katika somo la historia, likitajwa pamoja na Eduardo Mondlane na Agostinho Neto. Tulifundishwa kwamba alikuwa mpigania uhuru wa Guinea-Bissau na visiwa vya Cape Verde. Jambo ambalo halikutiliwa mkazo ni kwamba kwa elimu na kwa kazi alikuwa bwana shamba. Mimi niliyesomea uchumi wa kilimo chuo kikuu, na ambaye kazi yangu serikalini ni kusoma taarifa za mavuno, nimeona vema tuyatazame maisha yake kwa upande huo.

Cabral alizaliwa tarehe 12 Septemba 1924 katika mji wa Bafatá, Guinea, wakati huo koloni la Wareno. Wazazi wake walikuwa na asili ya Cape Verde. Baba yake, Juvenal, alikuwa mwalimu. Mama yake, Iva, alikuwa mshonaji. Alipokuwa bado mtoto familia ilirudi visiwani, naye akasoma sekondari katika mji wa Mindelo. Mama alishona nguo na kufanya kibarua katika kiwanda cha samaki ili watoto wapate kula na kusoma. Katika miaka ya 1940 mvua zilikosekana na njaa ikaua maelfu kwa maelfu ya watu wa visiwa hivyo, huku serikali ya kikoloni ikifanya machache mno kuwaokoa. Kijana aliyekulia katika hali hiyo hakuhitaji kuelezwa kwa nini kilimo ni somo la maana.

Mwaka 1945 alipata msaada wa masomo akaenda Lisbon, kwenye Taasisi ya Juu ya Kilimo. Huko alijifunza udongo, mimea na uchumi wa mashamba. Jioni alikutana na wanafunzi wengine kutoka makoloni, akiwamo Neto aliyesomea udaktari, wakazungumza juu ya nchi zao. Katika chuo hichohicho alimpata mchumba, Maria Helena Rodrigues, mwanafunzi mwenzake wa kilimo.

Kwa kazi yake ya kumaliza shahada alichagua mmomonyoko wa udongo katika mkoa wa Alentejo, kusini mwa Ureno. Huko ardhi ilikuwa mikononi mwa wenye mashamba makubwa, na vibarua wengi hawakuwa na hata kipande. Tangu mwaka 1929 serikali ilikuwa imehimiza ngano ilimwe kila mahali, hata kwenye ardhi isiyoifaa, na udongo ukachoka. Hivyo Cabral aliona mapema kwamba udongo hauharibiki kwa mvua na upepo tu. Huharibiwa pia na amri za wakubwa na jinsi ardhi inavyomilikiwa. Aliona vilevile kwamba mkulima maskini wa Ureno naye alikuwa ananyonywa.

Mwaka 1952 alirudi Guinea akiwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, akakabidhiwa shamba la majaribio la Pessubé, karibu na Bissau. Mwaka uliofuata alipewa kazi ya kuongoza sensa ya kilimo ya koloni zima. Yeye na mkewe, pamoja na wasaidizi wao, walizunguka vijijini wakipima mashamba na kuuliza maswali: nani analima nini, kwa zana gani, nani anamiliki ardhi, mavuno yanakwenda wapi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1956.

Kazi hiyo ilimwonyesha mambo ambayo ofisini hayaonekani. Wabalanta walilima mpunga kwa ustadi mkubwa, wakijenga kuta za udongo kuzuia maji ya chumvi katika mabonde ya mikoko, na hawakuwa na watemi wa kuwatawala. Kwa Wafula mambo yalikuwa mengine: machifu walikuwa na nguvu, na wengi wao walishirikiana na serikali. Karanga zililimwa kwa ajili ya makampuni ya biashara, mkulima akilipwa bei ndogo na udongo ukidhoofika. Alipoanza kupanga ukombozi, Cabral alikwisha kujua kila eneo lina shida gani na nani angeitikia kwanza.

Aliondoka Guinea mwaka 1955 akafanya kazi za utaalamu Angola. Chama chake, PAIGC, kinahesabu kuzaliwa kwake tarehe 19 Septemba 1956 mjini Bissau. Tarehe 3 Agosti 1959 wafanyakazi wa bandari waliogoma Pijiguiti walipigwa risasi, wakafa wapatao 50. Baada ya hapo chama kiliamua kuhamishia kazi yake vijijini. Kutoka Conakry, Cabral aliwafundisha vijana jinsi ya kuingia kijijini kwa adabu, kuwaamkia wazee, na kuanza mazungumzo na kodi na bei ya karanga, mambo ambayo mkulima anayajua.

Vita vilianza Januari 1963. Katika maeneo yaliyokombolewa chama kilifungua maduka ya wananchi, ambako mkulima alileta mpunga akapata nguo, chumvi na sukari. Misaada ilipitia pia Kamati ya Ukombozi ya OAU, iliyokuwa na makao Dar es Salaam, na Oktoba 1965 Cabral mwenyewe alikuja hapo kwenye mkutano wa vyama vya makoloni ya Wareno.

Tarehe 20 Januari 1973 aliuawa mjini Conakry na wasaliti kutoka ndani ya chama chake. Uhuru ulitangazwa tarehe 24 Septemba mwaka huohuo, Ureno ikaukubali mwaka 1974, na Cape Verde ikapata wake tarehe 5 Julai 1975.

Baada yake mambo hayakwenda kama alivyopanga. Fedha nyingi zilibaki mjini, maduka ya wananchi yakakosa bidhaa, na huko Cumeré kikajengwa kiwanda cha karanga kilichohitaji karanga nyingi kuliko zilizolimwa. Mwaka 1980 serikali ya ndugu yake, Luís Cabral, ilipinduliwa. Mpango wa kiwanda kile uliandikwa bila kuanza na swali ambalo sensa ya mwaka 1953 ilimwuliza mkulima: unalima nini, na kiasi gani?

Ndugu zangu, wengi wetu ni watumishi wa umma, na vijana wetu wengine wanasomea kilimo na uchumi wake sasa hivi. Shahada hupatikana chuoni, lakini kazi yake iko shambani kwa mtu. Kabla ya kuweka sahihi kwenye mpango wowote wa mkulima, twende kwanza tukamwone.