Tingatinga: Alichora miaka minne tu, mkono wake ungali unaigwa

JINA tingatinga likitajwa, wengi hukumbuka trekta linalolima shamba au mtambo mkubwa unaobomoa vibanda. Kwa wapenzi wa sanaa, jina hilo lina maana nyingine kabisa. Ni chui, twiga na ndege waliopakwa rangi za kung'aa, wakajaza ubao kutoka pembe hadi pembe. Picha za aina hiyo huuzwa Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa na Nairobi, ingawa wengi wanaozinunua hawajui kuwa Tingatinga alikuwa mtu, tena mtu aliyeshika brashi kwa takriban miaka minne pekee.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka wa 1932 katika wilaya ya Tunduru, kusini mwa Tanganyika, si mbali na mpaka wa Msumbiji. Wazazi wake walikuwa wakulima wadogo na elimu yake ilikomea shule ya msingi. Sawa na vijana wengi wa kusini enzi hizo, katika miaka ya 1950 aliyapa kisogo makwao na kwenda kutafuta riziki katika mashamba ya mkonge ya Tanga. Hatimaye alihamia Dar es Salaam, akawa mtumishi wa nyumbani na mtunza bustani wa afisa mmoja Mwingereza.

Baada ya uhuru wa mwaka wa 1961 ajira hiyo ilikwisha. Tangu hapo maisha yake yakawa ya kubahatisha: leo kibarua cha ujenzi, kesho kuuza mboga na matunda. Baadaye alipata pia kazi ya mhudumu katika Hospitali ya Muhimbili. Hakuna aliyemtazama mtu huyo akamwona msanii wa kesho.

Ilipofika mwaka wa 1968, alianza kuchora. Inaelezwa kwamba alikuwa ameona picha za wachoraji kutoka Kongo zikinunuliwa jijini, akaamini kuwa naye angeweza kufanya hivyo. Wapo wasomi wanaodai kuwa ujuzi wake una mizizi ya kale zaidi, katika michoro ya kuta za nyumba za Wamakua, jamii ya upande wa mama yake. Wengine wanaipinga hoja hiyo. Lisilopingika ni kwamba hakuwahi kuingia chuo chochote cha sanaa.

Umaskini ndio uliomchagulia vifaa. Turubai na rangi za wachoraji wa Ulaya zilikuwa ghali, kwa hiyo alinunua hadibodi, ule ubao mwembamba wa kuezekea dari, akaukata vipande vya mraba vya kiasi cha sentimita 60 kila upande. Rangi alizotumia ni zile za mafuta zinazong'aa, ambazo mafundi walipakia baiskeli.

Vifaa hivyo ndivyo vilivyozaa mtindo wake. Rangi ya baiskeli haichanganyiki kwa urahisi kama rangi ya msanii wa studio, hivyo alizitumia zikiwa safi, bila vivuli wala kina. Kwanza aliupaka ubao wote rangi moja, akausubiri ukauke. Kisha alimchora mnyama mmoja, mkubwa, katikati. Mwisho ndipo alipoongeza mistari na madoadoa, moja baada ya jingine. Mara nyingi mnyama huyo humgeukia mtazamaji na kumkodolea macho. Pembeni huwa na kijiti, jani au ndege mdogo, basi. Utulivu huo ndio nguvu ya kazi zake.

Aliuza picha hizo chini ya mbuyu karibu na duka la Morogoro Stores, mtaa wa Oyster Bay, walikoishi wageni wengi. Miongoni mwa wateja wake wa mwanzo walikuwa watu wa Ulaya Kaskazini waliofika Tanzania kwa shughuli za misaada na maendeleo. Baadaye shirika la umma la sanaa nalo likaanza kununua kazi zake. Mwaka wa 1970 alimwoa Agatha Mataka, nao wakajaliwa watoto wawili.

Wanunuzi walipoongezeka, Tingatinga aliwaita jamaa na vijana wa kwao wamsaidie. Ndivyo walivyofika akina Simon Mpata, January Linda, Kasper Tedo, Adeusi Mandu na Ajaba Abdallah Mtalia. Walijifunza kwa kuiga: mwalimu anachora, mwanafunzi anatazama, kisha anarudia. Ni njia ileile ambayo fundi seremala au mhunzi humlea mwanagenzi wake, na hakuna aliyeiona kuwa wizi.

Mwaka wa 1972 msiba ukabisha hodi. Usiku mmoja jijini Dar es Salaam, polisi waliifyatulia risasi gari alimokuwa, wakidhani waliomo ni wahalifu. Tingatinga akafariki akiwa na umri wa miaka 40 hivi, ufundi wake ukiwa ndio kwanza unakomaa.

Wanafunzi hawakukubali sanaa hiyo izikwe pamoja na mwalimu. Waliungana chini ya jina lake, na mwaka wa 1990 wakasajili chama cha ushirika ambacho karakana zake zimeendelea Oyster Bay. Mpata alijipatia sifa hadi Japani, na kilabu ya watalii katika Maasai Mara ikapewa jina lake. George Lilanga, mchongaji wa Kimakonde aliyefariki mwaka wa 2005, naye alizichukua rangi hizo za kung'aa akazitumia kuchora mashetani yake. Mwaka wa 2010, vibonzo vya watoto vya Tinga Tinga Tales, vilivyotengenezewa Nairobi, viliupeleka mtindo huo katika televisheni za ng'ambo.

Hata hivyo, wahenga walionya kuwa mwiga tembo hupasuka msamba. Kadiri watalii walivyoongezeka ndivyo picha zilivyopungua ukubwa ili zitoshee kwenye mikoba. Mnyama mmoja akageuka kundi, na ubao ukasongamana. Baya zaidi, walizuka walaghai waliotia saini ya marehemu kwenye kazi zisizo zake. Picha zake halisi zilipoanza kuuzwa minadani kwa maelfu ya dola, faida ya kughushi ikaongezeka maradufu.

Suala hilo si geni kwa wakazi wa Nyamarambe na eneo zima la Mugirango Kusini, kaunti ya Kisii. Jirani yao, huko Tabaka, wanaume huchimba na kuchonga mawe ya sabuni kwa panga na patasi, nao wanawake huyasugua kwa msasa na maji hadi yalainike kama yai. Sanahu, sahani na viboko wa mawe hayo hufika madukani Nairobi na ng'ambo zikiitwa tu kazi za Kisii. Mmoja akibuni umbo jipya, huchukua muda mfupi tu kabla ya kuliona kwa jirani. Ni wachache, kama Elkana Ong'esa, ambao majina yao yamevuka mipaka pamoja na mawe yao.

Maisha ya Tingatinga yanaonyesha pande zote mbili za jambo hilo. Bila waigaji, angesahauliwa kabla ya udongo wa kaburi lake kukauka. Kwa sababu ya waigaji, ni vigumu leo kuutambua mkono wake mwenyewe. Kati ya mwanafunzi na mlaghai, tofauti haimo katika kuiga. Mwanafunzi huandika jina lake chini ya picha na kumtaja aliyemfunza. Mlaghai huandika jina la marehemu.