Saxton Pope: daktari wa upasuaji aliyewinda kwa upinde

Leo tunawaletea maisha ya daktari mmoja wa Marekani ambaye mwaka 1925 alifika Tanganyika na kuingia porini kuwinda simba kwa upinde na mshale. Jina lake ni Saxton Temple Pope. Wawindaji wa upinde duniani wanamkumbuka mpaka leo. Sisi tumemchagua kwa sababu maisha yake yanajibu swali ambalo wazee wetu wawindaji walilijua vizuri: mshale uingie wapi, na uachiwe wakati gani, ili mnyama asiondoke na jeraha akafie mbali kwa mateso?

Pope alizaliwa Septemba 4, 1875, huko Fort Stockton, katika jimbo la Texas. Baba yake alikuwa daktari wa jeshi, kwa hiyo utoto wake aliupitia kwenye kambi za askari. Naye akasomea udaktari katika Chuo Kikuu cha California, akamaliza mwaka 1899. Alitibu watu kwa miaka kadhaa katika mji mdogo wa Watsonville, kisha mwaka 1912 akahamia San Francisco kufundisha upasuaji katika chuo kilekile alichosoma.

Huko ndiko alikokutana na mtu aliyebadili maisha yake. Mwezi Agosti 1911, mtu mmoja wa kabila la Wayahi alijitokeza karibu na machinjio ya mji wa Oroville, peke yake, amedhoofika kwa njaa. Watu wa kabila lake walikuwa wameuawa na walowezi, na waliobaki walikufa mmoja mmoja mafichoni. Mila yao ilimkataza kujitaja jina mbele ya wageni, basi wataalamu waliompokea wakamwita Ishi, neno ambalo kwa lugha yake lina maana ya mtu. Alipewa makazi kwenye jumba la makumbusho la chuo kikuu, na hospitali ya chuo ilikuwa jirani. Pope akawa daktari wake, na baadaye rafiki yake.

Mgonjwa akageuka kuwa mwalimu. Ishi alimfundisha daktari kuchonga upinde, kunyoosha mishale na kutengeneza kigumba kwa jiwe jeusi linalong'aa na kukata kama chupa iliyovunjika. Mwaka 1914 walisafiri pamoja hadi Deer Creek, nchi aliyozaliwa Ishi, na huko Pope akamwona akiwa kazini.

Upinde wa Ishi haukuwa mgumu kuvuta. Nguvu yake ilikuwa kwenye subira. Kabla ya windo aliacha tumbaku na kuoga ili mnyama asinuse harufu yake. Alijikunja chini, akatoa sauti kama ya mnyama mdogo aliye taabuni, akasubiri mawindo yasogee yenyewe. Mshale aliuachia mnyama akiwa karibu kabisa. Mwindaji aliyetegemea upinde kwa chakula hakuwa na mishale ya kupoteza.

Ishi alifariki kwa kifua kikuu Machi 25, 1916. Mwili wake ulipasuliwa ili kuchunguzwa, ingawa profesa Alfred Kroeber, aliyekuwa akimtunza, alikuwa ameandika barua kupinga jambo hilo. Walipomuaga waliweka pembeni yake upinde wake mmoja na mishale mitano. Pope akaendelea na kazi aliyoachiwa, na safari hii aliifanya kwa macho ya daktari wa upasuaji.

Hapa tusimame kidogo tueleze jambo lenyewe. Risasi ya bunduki kubwa huvunja na kutikisa mwili wa mnyama kwa kishindo. Mshale hauna kishindo hicho. Mshale unakata. Mnyama anaanguka kwa sababu ya kupoteza damu, au kwa sababu mapafu yake yametobolewa na hawezi tena kupumua. Mshale ukipita katika mapafu yote mawili au moyo, mnyama anakimbia umbali mfupi tu na kuanguka. Ukiingia tumboni, anaweza kutembea saa nyingi akiwa na maumivu, mwindaji akampoteza kabisa. Ukigonga mfupa wa bega, mshale unaweza kukwama pale pale.

Ndiyo maana pembe anayosimama mnyama ni jambo kubwa. Akikutazama uso kwa uso, kifua kimezibwa na mifupa. Akikupa mgongo, mbele yako kuna matumbo. Nafasi nzuri ni anapokuonyesha ubavu, au anapokuwa ameanza kugeuka kwenda upande mwingine, mguu wa mbele ukiwa umetangulia. Hapo bega linasogea na mbavu zilizo nyuma yake zinabaki wazi, na nyuma ya mbavu hizo ndiko yaliko mapafu na moyo.

Wakati nao una hesabu yake. Mshale kutoka upinde wa mbao kama wa Pope huenda kiasi cha mita 45 kwa sekunde. Sauti huenda mita 340 hivi. Mnyama akiwa mita 30 kutoka kwako, mlio wa uzi wa upinde unamfikia kabla sekunde haijagawanyika mara kumi, lakini mshale unahitaji zaidi ya nusu sekunde. Mnyama aliyeshtuka ana muda wa kuchuchumaa au kugeuka, na mshale uliolenga mapafu ukaangukia pengine. Kwa hiyo mwindaji mzuri anasubiri mnyama atulie, ainamishe kichwa ale, au atazame upande mwingine. Asipopata nafasi hiyo, anauteremsha upinde na kurudi nyumbani mikono mitupu. Alichokuwa akikifanya Ishi kwa mazoea, hesabu hii inaonyesha sababu yake.

Pope alipima mambo haya badala ya kuyaamini tu. Alijaribu pinde za mataifa mbalimbali, na akalinganisha vigumba vya chuma na vya jiwe kwa kuvirusha kwenye ngozi na nyama, akaona jiwe la Ishi linakata vizuri ajabu. Majaribio yake aliyachapisha mwaka 1923, mwaka ambao pia kilitoka kitabu chake kuhusu uwindaji wa upinde, kilichowafanya Wamarekani wengi washike tena silaha hiyo.

Mwaka 1920, yeye na rafiki yake Arthur Young walikwenda Wyoming, eneo la Yellowstone, kuwinda dubu wakubwa kwa ajili ya makumbusho ya sayansi ya California. Pinde zao zilihitaji nguvu ya kiasi cha kilo 34 kuzivuta. Dubu walipatikana, lakini nyuma yao alisimama kiongozi wa msafara akiwa na bunduki. Mnyama mkubwa aliyechomwa mshale bado ana uhai wa kutosha kumfikia aliyemchoma, hata kama jeraha lenyewe ni la kufisha.

Somo hilo lilimfuata hadi Tanganyika mwaka 1925, wakati nchi yetu ilipokuwa chini ya Waingereza. Alikuja na Young na mwandishi Stewart Edward White, aliyekuwa hodari wa bunduki. Simba walichomwa mishale, na wengine walikufa kwa mishale hiyo. Lakini mara nyingi simba alirudi kwa hasira, na ikabidi White ammalize kwa risasi. Simba anayekuja mbio amekupa kichwa na miguu ya mbele, mbavu huzioni, na mshale hauwezi kumsimamisha pale alipo. Daktari aliyeujua mwili wa mnyama kuliko wawindaji wengi alijikuta mbele ya kikomo cha silaha yake, na hakukificha katika maandishi yake ya safari ile.

Wawindaji wa upande huu wa dunia walikuwa na jibu lao kwa tatizo hilo. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, na Wawaata wa upande wa Tsavo nchini Kenya waliowinda hata tembo, walipaka mishale yao sumu iliyotokana na mimea. Sumu hufanya kazi hata mshale usipogusa moyo. Hata hivyo nao walinyemelea hadi karibu, na baada ya kupiga walisubiri kabla ya kufuata nyayo. Ukimfukuza mnyama aliyejeruhiwa mara moja, unampeleka mbali zaidi.

Pope hakuishi muda mrefu baada ya safari ile. Alifariki kwa nimonia Agosti 8, 1926, akiwa na umri wa miaka 50. Mwaka 1961 wawindaji wa upinde wa Marekani walianzisha chama kwa jina lake na la Young, na bado kipo.

Tunajua wengi wenu mnaotusoma kwa simu mnaishi jirani na mapori. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na hapa Tanzania kuwinda bila kibali ni kosa. Hatukuandika makala hii kumtuma mtu porini. Tumeiandika kwa sababu mnyama aliyejeruhiwa na kuachwa ni hatari kwa mtoto anayechunga na mama anayekwenda kuokota kuni. Mkiona damu njiani au nyati anayechechemea, msimfuate. Rudini mlikotoka, mtoe taarifa kwa uongozi wa kijiji na kwa askari wa wanyamapori.

Pope alijifunza kwa Ishi kwamba mshale ukishaachiwa hauitwi ukarudi. Tanganyika ikamwonyesha kwamba hata daktari anaweza kuuachia mahali pasipofaa.