Hata Mbaraka Aliacha Shule

Nikiwa fildi mjini Same, mwanafunzi wangu mmoja wa Kidato cha Tatu alinifuata baada ya kipindi, akaniambia anaacha shule. Kwao ni Mamba, kule juu milimani, na baba yake anauza tangawizi ili alipie geto alilompangia huku chini mjini. Dogo anataka muziki. Nilipomkatalia akanijibu kwamba hata Mbaraka Mwinshehe aliacha shule. Babu yake ndiye aliyemsimulia.

Nikakwama, maana ni kweli. Nikakimbilia hoja rahisi: Mbaraka alikufa bado kijana. Akaniuliza, kwa adabu zote, ajali ya gari na kuacha shule vinahusiana vipi. Wadau, hapo sikuwa na jibu. Jioni nikakaa kumsoma Mbaraka kama ninavyoandaa somo.

Alizaliwa mwaka 1944 mkoani Morogoro, mwaka uleule ilipoanzishwa Morogoro Jazz. Katikati ya miaka ya 1960 aliacha sekondari akaenda Dar es Salaam, akapiga na vijana wa Cuban Branch Jazz, kisha akarudi na kuingia Morogoro Jazz. Yaani alijiunga na bendi yenye umri sawa na wake, iliyokuwa na wakubwa wa kumfundisha na wa kumkosoa. Mjini humohumo kulikuwa na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, kwa hiyo ukizembea mashabiki wanahamia ng'ambo ya pili.

Alikaa hapo karibu miaka minane, akakua akawa mpiga solo, mwimbaji na mtunzi. Mwaka 1970 bendi ilisafiri hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo '70. Hebu fikiria, kijana aliyekatisha sekondari anaiwakilisha nchi!

Mwaka 1973 akaondoka na kuunda bendi yake, Super Volcano, yenye mtindo wa Masika. Hapo ndipo tulipompata Mbaraka wa "Shida", wimbo uliopendwa hapa kwetu na Kenya pia. Lakini bendi hiyo haikukaa sana. Januari 1979 alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, akiwa na miaka 34. Super Volcano ilikuwa imedumu naye kama miaka sita tu, na bila yeye haikuweza kusimama tena kama zamani. Ilikuwa imejengwa juu ya gitaa na koo la mtu mmoja. Baadaye nyimbo zake zilikusanywa kwenye mfululizo wa albamu za Ukumbusho.

Nikarudi kwa dogo na hesabu hii: kabla ya hiyo miaka sita ya kuwa bosi, Mbaraka alikuwa mwanafunzi wa bendi kwa miaka minane. Aliacha darasa moja akaingia lingine, tena lenye zamu, mazoezi na nidhamu. Nikadhani nimeshinda. Dogo akaniuliza hiyo Morogoro Jazz ya Same iko wapi, ili naye akajiunge.

Hilo swali limenikaa mpaka leo. Zamani vyombo vilikuwa vya klabu au vya shirika. NUTA Jazz, kwa mfano, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Kijana asiye na senti aliweza kushika gitaa kwa kuwa halikuwa lake. Huyu wangu ana simu tu, iliyopasuka kioo. Akiacha shule leo, atakuwa ameacha darasa bila kuingia lingine, na tangawizi ya baba yake itakuwa imeliwa bure.

Tukatafuta pamoja kitu kinachofanana na bendi, tukakipata karibu kuliko nilivyotarajia: kwaya ya kanisa. Ina magitaa mawili, kinanda, na mzee mkali asiyependa wachelewaji. Tulikubaliana amalize Kidato cha Nne huku akifanya nao mazoezi jioni.

Siku naondoka Same nilipita pale kuaga. Alikuwa amekaa nyuma kabisa, hajapewa gitaa bado. Alikuwa anakunja nyaya.